Saa ya Nyuso Mbili

Kiwanda cha hariri cha Bwana Thorley, ukingoni mwa Mto Bollin,
kilikuwa na saa moja yenye nyuso mbili.
Uso wa juu ulikwenda kwa springi na uzani,
kama saa ya kanisa, kama saa ya mtu yeyote.
Uso wa chini ulifungwa na gurudumu la maji:
likizunguka, mshale unatembea;
likisita, mshale unasita.
Kuingia, tuliingia kwa uso wa juu.
Kutoka, kwa uso wa chini.

Nasema "tuliingia". Nijisahihishe:
mimi, Silas Hordern, nilikuwa karani wa mishahara,
mwenye kiti, mwenye moto mdogo wa makaa,
vidole vyangu vina wino, havina damu.

Kiangazi kile mvua iligoma.
(Mvua huruhusiwa kugoma.)
Mto ukakonda hadi mawe yakaonyesha meno,
gurudumu likawa kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani,
na mshale wa chini ukajikokota.
Kila jioni dakika arubaini
zilipotelea kati ya uso na uso,
huku mtoto Jabez, miaka tisa, akikimbia na uzi,
hatua ishirini na tano kwenda,
ishirini na tano kurudi,
akiungoja mto umruhusu kwenda kulala.

Alhamisi usiku nilikuwa nahudhuria mihadhara.
Msomi kutoka Manchester, kola nyeupe, sauti laini,
alitufundisha kwamba kazi ni bidhaa
kama chumvi, kama makaa:
ikiwa tele, bei hushuka; ikiadimika, hupanda;
na anayeingia kati kwa huruma
ni sawa na anayeusukuma mto urudi mlimani.
Niliyaandika yote. Yalikuwa masafi.
Yalinipa usingizi mwema.

Ijumaa nikamweleza Keziah Brough,
aliyekuja kwenye kidirisha changu kupinga faini ya peni tatu,
kosa: kufungua dirisha apate hewa.
Alinisikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni.
"Chumvi ikikosa bei leo," akasema,
"mwenyewe hufunga gunia, akangoja Jumatatu.
Haya, nifungie ghalani siku yangu ya leo.
Nitaifuata kesho kukicha.
Ukiikuta bado ipo, na niuzwe kwa ratili."
Akaenda zake.
Faini niliiandika.

Usiku ule nikatoa daftari jingine, langu mwenyewe.
Watu mia mbili na kumi na wawili.
Dakika arubaini. Siku sita. Wiki nane.
Haba na haba hujaza kibaba,
nami sikuwahi kuuliza kibaba ni cha nani.
Saa elfu sita, mia saba, themanini na nne.
Nikahesabu upya, kama anayeomba awe amekosea.
Daftari la kiwanda lilikuwa na safu ya kupiga miluzi,
safu ya mikono michafu,
safu ya mtu aliyechelewa dakika tano.
Safu ya kiwanda kuchelewa haikuwamo.

Oktoba mvua ikarudi.
Mto ukafura, gurudumu likatimka,
mshale wa chini ukaanza kuupita wa juu,
na watu, kwa mara ya kwanza, wakaitazama saa wakicheka:
mto unalipa deni!
Siku ya tatu Bwana Thorley akamwita fundi,
akateremsha lango la maji shubiri moja.
Shubiri moja tu.
Mimi ndiye niliyemlipa, shilingi mbili,
nikaandika: *Matengenezo.*

Keziah alipita uani, shali kichwani, imelowa.
Akatazama uso wa juu, akatazama wa chini.
"Kumbe hata mto umeajiriwa," akasema,
wala hakuwa akisema nami.

Daftari lile bado ninalo.
Hesabu ilikuwa sahihi.
Sikumwonyesha mtu.